Mgongo Ndio Unaouma, Lakini Anza na Nyonga

Umeshuka kwenye pikipiki baada ya safari ya saa 3 na unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Wengi hapo hukimbilia kuinama mpaka vidole vya miguu. Acha. Mgongo umekunjika safari nzima, unaukunja tena wa nini?

Kilichokaza zaidi kipo mbele: misuli ya nyonga inayounganisha uti wa mgongo wa chini na paja. Unapokaa, goti likiwa limepanda, misuli hiyo imejikunja. Ukisimama inagoma kurefuka, inavuta kiuno mbele, na lawama inabaki kwa mgongo.

Vua helmeti na glavu, tembea dakika 2 au 3 damu izunguke miguuni ndipo uanze. Peleka mguu wa kulia nyuma hatua moja ndefu, goti la mbele ulikunje kidogo. Kisigino cha nyuma kikiinuka si neno. Sasa kaza kalio la kulia, kifandugu (ncha ya chini ya uti wa mgongo) ukivute ndani. Hapo ndipo watu hukosea: wanatupa kifua mbele, kiuno kinapinda, na mvuto unaangukia mgongoni badala ya nyonga. Ukipatia, huhitaji kwenda mbali. Utausikia juu kabisa ya paja, kwa mbele. Shikilia sekunde 20 hadi 30 huku ukipumua kawaida, badili mguu, rudia mara 2. Usidundedunde, kwa sababu msuli ukivutwa ghafla hujikaza kujilinda.

Baada ya hapo weka viganja kiunoni uegemee nyuma taratibu mara 5 au 6. Kwa misuli ya nyuma ya paja, tafuta ngazi fupi au jiwe, weka kisigino juu yake na uiname kuanzia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka. Usipandishe mguu kwenye siti ya pikipiki. Iko juu mno kwa mtu aliyekakamaa, na ukiisukuma kidogo tu ikiwa kwenye stendi ya pembeni, inaweza kulala chini.

Mikono inahitaji uangalifu zaidi. Nyoosha mkono mbele, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama mbele na vidole vikielekea juu, kama unamsimamisha mtu. Kwa mkono wa pili vuta vidole kuja kwako, sekunde 20. Kisha geuza: vidole chini, bonyeza mgongo wa kiganja kuja kwako. Unalegeza misuli iliyokuwa ikibana klachi na breki tangu asubuhi.

Ganzi nayo ina lugha yake. Ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono huenda inabanwa. Ikiwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, angalia kitako cha kiganja kinavyoegemea usukani, au kiwiko kilichokunjwa muda mrefu. Kabla ya kulaumu mwili, kagua leva, zile unazobana kwa vidole kwa klachi na breki. Kaa kama unavyoendesha, nyoosha vidole juu ya leva ya klachi: mgongo wa kiganja na mkono wa mbele viwe mstari mmoja. Kama kifundo kimekunjika kwenda juu, leva imepandishwa mno. Legeza bolti ya kishikizo chake, izungushe kidogo ishuke, kaza tena, halafu geuza usukani pande zote mbili kuhakikisha waya haukwami. Leva ikiwa vibaya, ujinyooshe usinyooshe, ganzi itarudi baada ya muda mfupi tu.

Shingo inabeba helmeti ya kilo 1.3 hadi 1.8, na upepo unaivuta. Usizungushe kichwa mduara mzima. Rudisha kidevu nyuma, kama unayekataa kijiko, sekunde 5 mara 8. Kisha lalisha sikio kuelekea bega, upande mmoja mmoja.

Ukiwa barabarani, inua mabega hadi masikioni kisha yaachie yaanguke. Bana tangi kwa magoti ili kiwiliwili kibebwe na tumbo na mapaja, si viganja. Barabara ikiwa wazi na imenyooka, simama kidogo kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea. Pochi ya mfuko wa nyuma itoe kabla ya kuondoka: inainua kalio moja na kukandamiza neva iendayo mguuni.

Simama kila saa 1 au saa 1 na nusu, hata kama hujachoka. Ukingoja maumivu, dakika 5 za kusimama hazitatosha tena.

Maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti, yakiwa na ganzi au mguu kuishiwa nguvu, acha kujinyoosha ukamwone daktari. Na kigimbi kimoja kikivimba, kikauma na kuwa na joto, usikikande hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukianza kukosa pumzi au kuumwa kifua, ni dharura.