Ukianza mbio za magari, jifunze njano kwanza

Mpwa wangu wa Nairobi ameanza kuendesha go-kati, vile vigari vidogo vya mbio. Wiki iliyopita alinitumia picha ya bendera zote za mbio akaniuliza, "Mjomba, nianze kukariri ipi?" Nikamjibu kwa neno moja: njano. Maelezo yake hayakutosha kwenye simu, nikaona niyaandike hapa, wapate na wengine wanaoanza.

Mimi si dereva. Huu ni msimu wangu wa sita nikijitolea kama mashali katika viwanja vya mbio hapa Uingereza. Ni wale watu wa ovaroli za rangi ya chungwa unaowaona kando ya njia. Hatulipwi. Tunapepea bendera, tunazima moto, tunafagia kokoto, na dereva akipata ajali sisi ndio wa kwanza kumfikia.

Kituo cha bendera husimamiwa na watu wawili, kila mmoja akitazama upande wake. Mwenye buluu anatazama magari yanayokuja, ili amjulishe dereva kwamba nyuma yake kuna gari lenye kasi zaidi linataka kumpita. Mwenye njano anatazama kule yanakoelekea, kwa sababu hatari atakayoitangaza iko huko. Magari yanamjia mgongoni, na anayemlinda ni macho ya mwenzake. Nimesimama pande zote mbili, na hadi leo nikishika njano masikio yangu hufanya kazi kuliko macho.

Njano moja ikipepea maana yake ni punguza mwendo, usimpite mtu, na uwe tayari kubadili mkondo wako. Zikipepea mbili, punguza sana na ujiandae hata kusimama: njia imezibwa, yote au sehemu, au kuna watu wanafanya kazi juu yake au kando yake. Hao watu ni sisi. Katazo la kupita linaanza pale bendera ilipo, si pale gari lililoharibika lilipo, na linakwisha utakapoiona kijani. Wanaoanza wengi hukosea hapo. Wakishalipita gari lililokwama hukanyaga mafuta, kumbe kijani bado iko mbele.

Jumapili moja ya mvua tulikuwa wanne tukilisukuma gari lililonasa kwenye kokoto, njano mbili zinapepea juu ya kona. Ukiwa umeinama hivyo huoni kitu, unasikiliza tu. Gari baada ya gari lilishusha gia, nikawa nashusha pumzi. Kisha likaja moja ambalo sauti yake haikubadilika hata kidogo. Lilipita salama, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Dereva alipoulizwa alisema aliinua mguu kidogo, na naamini alisema kweli. Ndiyo maana namwambia mpwa wangu: usishushe kwa kipimo cha mguu wako. Shusha mpaka mtu aliyekupa mgongo asikie kwamba umeshusha.

Hata mabingwa wa langalanga (Formula 1) si salama. Tarehe 5 Oktoba 2014 huko Suzuka, Japani, gari la Adrian Sutil liliteleza kwenye mvua likatoka njiani. Mzunguko uliofuata, Jules Bianchi aliteleza kwenye kona hiyohiyo, njano mbili zikipepea, akaligonga trekta lililokuwa likiliondoa gari la mwenzake. Alifariki Julai 2015. Jopo la uchunguzi lilitaja mambo mengi, na mojawapo ni kwamba hakupunguza mwendo vya kutosha. Tangu 2015 kuna utaratibu wa kuwalazimisha madereva wote wapunguze mwendo kwa pamoja, bila kumwachia kila mmoja apime mwenyewe. Mimi nausifu sana.

Bendera nyingine utazishika upesi. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Njano yenye mistari myekundu, kuna utelezi, iwe ni oili au maji. Nyeusi yenye duara la chungwa na namba yako, gari lako lina hitilafu, rudi piti, yaani pale magari yanapohudumiwa. Nyeupe iulizie kabla hujaingia njiani, kwa sababu Ulaya inaonya kwamba mbele kuna gari linalokwenda polepole, na kwenye mbio za NASCAR kule Marekani inatangaza mzunguko wa mwisho. Ile ya mwisho, yenye miraba kama ubao wa drafti, kila mtu anaijua, ila nayo hukosewa: kwenye langalanga ya Montreal, Kanada, mwaka 2018 ilipepewa mapema, matokeo yakahesabiwa kwa mizunguko 68 badala ya 70. Ukiiona, usikanyage breki pale kwenye mstari. Wa nyuma yako bado anakuja kwa kasi.

Siku ya mazoezi, mzunguko wa kwanza usitafute mwendo, tafuta vituo. Hapa kwetu kila kituo huonyesha kijani katika mzunguko huo, makusudi kabisa, ili ujue kila mmoja uko wapi. Vihesabu. Kimoja kinaweza kuwa kushoto kabla ya kona, kingine kimejificha nyuma ya uzio. Mvua ikinyesha bendera hulowa ikajiviringisha kwenye mpini, ndiyo maana tunaipepea kama tunaandika namba nane hewani. Ukiuona mwendo huo wa mkono hata kabla hujaitambua rangi, anza kuinua mguu.

Mbio zikiisha, madereva wanaporudi polepole, tunatoa bendera zote tukapepea kwa pamoja kuwashukuru, nao wanainua mkono. Nimemwambia mpwa wangu asisahau kuinua wake.