Nairobi kwenda Dar: kaa kulia

Dada, umeuliza ukae dirisha la upande gani ukitoka Nairobi kwenda Dar ili mama yako auone Mlima Kilimanjaro. Kulia. Njia ya ndege hupita mashariki ya mlima, kwa hiyo ukielekea kusini mlima unakuwa mkono wa kulia. Mkirudi Nairobi, kaeni kushoto.

Kwenye ndege yenye viti vitatu kila upande, kulia ni herufi F, kushoto ni A. Lakini herufi peke yake haitoshi, maana ukipangiwa safu za katikati ya ndege utatazama bawa safari nzima. Chagua mbele ya bawa. Nyuma kabisa pia panafaa, ila hewa ya moto ya injini huweza kuyumbisha picha. Ndege nyingi za abiria za mapangaboi bawa liko juu ya madirisha, hivyo epuka tu safu zilizo ubavuni mwa injini.

Saa nazo zina uzito wake. Chukueni ndege ya asubuhi: mawingu mara nyingi huongezeka mchana, na asubuhi jua liko upande wa pili, halimchomi mama machoni. Mwambie asisinzie, mlima hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Hata mawingu yakitanda chini, Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima, kwa mita 5,895 mara nyingi huchomoza juu ya mawingu na barafu yake, Mawenzi, kilele cha pili, ikiwa pembeni, imechongoka. Na wewe mwachie mama dirisha, ukae kiti cha kati.