Usimwongoze Kama Mtu Aliyekwisha Kushinda

Siku ya kwanza ya kupiga sini ya filamu yetu, ile ya mkutano wa hadhara, tulikuwa Isimani, Iringa, saa mbili asubuhi, upepo wa Julai ukitujaza vumbi mpaka kwenye meno. Tulikuwa na wanakijiji themanini, kamera mbili, na mwigizaji wetu wa Mwalimu Nyerere amesimama juu ya meza. Nikaita ekisheni. Kabla hajafungua kinywa, watu wakalipuka kwa vigelegele na makofi. Naye akanyoosha kidole, akatabasamu kama kwenye picha ya ukutani ofisini. Tulirudia mara nne. Kila teki ilikuwa na shangwe kuliko iliyotangulia, na hakuna hata moja niliyoiamini.

Bibi mmoja aliyekaa mkekani mbele kabisa akaniita. "Kamwene, mwanangu." Nikaitikia, nikachuchumaa. "Huyu mnayempigia vigelegele, mpaka leo hii kafanya nini?" Nikamweleza kwamba kwenye filamu tuko mwaka 1955, chama cha TANU hakijatimiza hata miaka miwili. "Basi bado hajafanya kitu," akasema. "Mimi nilikuwa binti mdogo. Mgeni akija kusema habari za serikali, wakubwa zetu walimsikiliza huku wakitazama nyuma."

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza filamu za viongozi wa uhuru, mengine yote nitakayosema yanatokana na maneno ya yule bibi. Sisi tunajua kwamba tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipandishwa. Wao hawakujua. Ukimwacha mwigizaji aingie kwenye sini ya 1955 akiwa na 1961 moyoni, umeshapoteza filamu, hata kama una fedha za kukodi helikopta.

Alipochaguliwa rais wa TANU tarehe 7 Julai 1954, Nyerere alikuwa na miaka 32, mwalimu wa shule Pugu, amerudi kutoka Edinburgh miaka miwili nyuma, ana mke na mtoto mchanga. Mwaka uliofuata akaenda New York kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ikabidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Hebu fikiri: mshahara umekatika, chama hakina hela, na mkoloni yuko palepale. Hapo ndipo palipo na filamu. Waandishi wengi wa miswada hupita hapo kwa ukurasa mmoja wakikimbilia bendera. Mimi nilitumia siku tatu za kupiga picha kwenye chumba kimoja chenye taa ya chemli, na sijutii hata saa moja.

Kwenye mazoezi, mpe mwigizaji kurasa mpaka pale tu sini ya siku hiyo inapoishia. Atalalamika. Mwambie historia anaijua, ila leo asije nayo kazini. Mavazi nayo husaidia. Suti ya mikono mifupi isiyo na tai, pamoja na kile kifimbo, ni vitu tulivyovizoea kwenye picha za miaka ya baadaye. Ukimvalisha kijana wa 1954, mwili wake unaanza kusimama kama wa rais. Tulimpa shati la kawaida la mwalimu, kola imelegea kidogo, na mabega yake yakashuka yenyewe. Kuhusu meno: Mwalimu alikuwa amechongwa meno ya mbele kwa desturi ya Wazanaki, kabila lake. Meno ya bandia tuliyotengeneza kwanza yalikuwa mazito, mwigizaji akawa anatema "s" zote. Jaribuni vitu kama hivi akiwa anahutubia kwa sauti ya juu, wiki mbili kabla. Mbele ya kioo havitawaambia kitu.

Na maneno? Aliyoyasema hadharani yatafuteni kwenye hotuba zilizohifadhiwa, myatumie kwa uaminifu. Ya chumbani kwake msiyapambe. Katika ile sini ya chemli, mke anashona kifungo cha shati, mume anatazama. Hakuna anayesema neno kwa karibu dakika nzima. Prodyuza aliomba tuweke mazungumzo, nikakataa, na leo ningekataa tena.

Turudi kwa umati, kwa sababu hapo ndipo wengi huangukia. Sini ya mazishi katika filamu ya Gandhi ya 1982 ilipigwa kukiwa na watu wapatao laki tatu. Wewe utakuwa na themanini, na watano wataondoka saa nane kwenda kunywesha ng'ombe. Wapange kwenye mteremko, shusha kamera, tumia lensi ndefu inayobana umbali, na themanini watajaa fremu. Lakini usiwaambie "shangilieni". Niliwagawa. Wanawake wa upande wa kushoto niliwaambia waume zao wamewakataza kuja. Wazee wanne wenye migolole niliwaambia kwamba mmoja kati ya watu waliopo anaandika majina, na hawajui ni nani. Vijana wa nyuma wao walikuja kumwona tu mtu aliyesoma Uingereza. Tulipopiga tena, palikuwa kimya hivi kwamba tulisikia kola ya shati ikipigwapigwa na upepo. Mzee mmoja aligeuka kutazama nyuma yake katikati ya hotuba. Sikumwagiza. Huo mgeuko ninauthamini kuliko shoti zote za angani tulizopiga.

Walipeni watu hao kabla jua halijazama, mkononi, na chakula cha moto kiwe tayari saa sita. Kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya mkuu wa wilaya vinafungua njia, lakini mwenyekiti wa kijiji asipowaelewa, kesho mtakuwa na watu kumi.

Mandhari ya Nyanda za Juu Kusini ni zawadi, ila husaliti upesi. Misonobari ya Sao Hill inavutia sana alfajiri, ukungu ukiwa chini, na mpiga picha wangu alinisihi tusimamishe gari la TANU pale. Tatizo ni kwamba mashamba yale yalipanuliwa sana miaka ya 1970. Mtazamaji wa Mafinga atajua, na babu yake atajua zaidi. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa hiyo honi ya treni ikisikika Makambako wakati mko mwaka 1957, pigeni tena. Lami nayo haikuwapo. Tulitafuta barabara ya udongo ndani ndani, upande wa Kilolo. Chai ya Mufindi haina ubaya, ilikuwapo tangu enzi za wakoloni. Na kila kanga isomwe jina kabla ya kuingia kwenye fremu. Tulinasa moja yenye picha ya simu ya mkononi.

Jambo moja lililonibadilisha hata mwanzo wa muswada lilitoka Kalenga. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alikabidhi pale fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililopelekwa Ujerumani baada ya Mkwawa kujiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Hesabuni: siku 18 baadaye TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Gavana anarudisha kichwa cha mpinzani wa mkoloni aliyepita, kwa gwaride na heshima zote, na hajui kwamba hata mwezi mmoja hautapita kabla hajapata mpinzani wake mwenyewe. Tukaanzia hapo. Fuvu liko kwenye makumbusho ya Kalenga, lakini hatukuomba kulipiga picha. Ni babu wa watu. Tulitumia sanduku lililofunikwa kitambaa, na kamera ikakaa kwenye nyuso za waliolitazama likipita. Kabla ya yote tulikaa na wazee siku nzima, tukawasomea kurasa zote sita za sini hiyo. Mistari miwili waliikataa, tukaifuta palepale.

Nimalizie na mahakama. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya kwenye jarida la chama. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Sini hiyo tuliipiga kwenye ukumbi mmoja wa zamani Iringa mjini, chini ya bati, Machi, na mvua ilitunyima sauti kwa siku mbili nzima. Angalieni paa kabla hamjapenda kuta. Siku ya tatu pakatulia. Mwigizaji alisikia hukumu, akainua kidevu, akawa shujaa. Teki sita, kidevu hichohicho. Nikamfuata kizimbani, nikamwambia asifikirie taifa hata kidogo. Afikirie hela. "Mfukoni una shilingi ngapi sasa hivi?"

Teki ya saba hakimu alipotaja kiasi, macho yake yalibaki kwa hakimu lakini mkono wa kulia ukapanda taratibu mpaka mfuko wa ndani wa koti, ukaugusa kwa nje, ukashuka. Baada ya hapo tulikuwa tumeandika hotuba ya dakika mbili. Tuliikata yote.