Kununua na kufufua jokofu la miaka ya 1950: mfumo wa gesi kwanza, urembo baadaye

Ndugu mleta mada, umeuliza kama jokofu la General Electric la mlango mmoja uliloliona kwenye mnada wa mali za marehemu huko Indiana linafaa kununuliwa, namna ya kulirudisha katika hali yake, na kama linaweza hatimaye kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Ohio, na haya ya zamani huyafufua kwa mapenzi zaidi kuliko kwa faida. Nitakujibu kwa kirefu pale ambapo wanunuzi wengi hupotea.

Kitu cha thamani katika jokofu la namna hiyo ni mfumo wa gesi ya kupozea uliofungwa kiwandani na ambao haujawahi kuguswa tangu siku hiyo. Rangi iliyobabuka, kutu ya juujuu, mpini uliopoteza mng'ao na rafu zilizopinda vyote vinarekebishika kwa mikono na subira. Kompresa iliyokufa au bomba linalovuja ni habari nyingine, kwa sababu gharama yake inaweza kupita bei ya jokofu lenyewe. Ndiyo maana mimi huchukua bila kusita jokofu lenye sura mbaya linalogandisha vizuri, na kuliacha lile zuri ambalo muuzaji anasema "linahitaji gesi kidogo tu". Mfumo uliofungwa hautumii gesi ukaimaliza. Ikiwa gesi imepungua, kuna mahali inapotokea, na mahali hapo hapatajiziba kwa kuongeza nyingine.

Anza kwa kusoma kibao cha chuma chenye namba ya modeli, ambacho mara nyingi huwa ndani ya kabati, karibu na mlango au nyuma. Jokofu la umeme la miaka ya 1950 kwa kawaida litakuwa na R-12, gesi iliyotangazwa mwaka 1930 baada ya kazi ya Thomas Midgley na wenzake waliokuwa wakifanyia General Motors, kampuni iliyomiliki Frigidaire. Ukikuta salfa dioksaidi, umekutana na kizazi cha zamani zaidi, cha akina Monitor Top, jokofu la General Electric la mwaka 1927 lenye kompresa ya duara juu ya kabati. Gesi hiyo huchoma macho na mapafu, na mfumo wake si wa kujifunzia kazi. Ukikuta kichomeo cha moto chini, huenda ni Servel, lililotengenezwa hukohuko Indiana, mjini Evansville, na ambalo hupoza kwa amonia na moto wa gesi badala ya kompresa. Majokofu hayo ya kati ya mwaka 1933 na 1957 yamewahi kuua watu kwa kaboni monoksaidi pale kichomeo kilipochafuka, na mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani imewaonya watu waache kuyatumia. Hilo usilinunue, hata ukipewa bure.

Kabla ya kuchomeka plagi, chunguza waya wake. Waya za wakati ule zilifunikwa kwa mpira ambao baada ya miongo kadhaa hukauka na kumeguka ukiukunja kidogo, na ukiona hivyo usiwashe mpaka ubadilishwe. Chukua multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, weka ncha moja kwenye pini ya plagi na nyingine kwenye chuma kitupu cha kabati. Mita isioneshe njia yoyote ya umeme kati ya hizo mbili, na urudie kwa pini ya pili. Ikiwa jokofu lilibebwa likiwa limelazwa, lisimamishe wima siku nzima kabla ya kuliwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Likiwashwa, sikiliza. Kompresa nzima huanza mara moja na kutulia katika mngurumo wa chini usiobadilika. Ikinguruma kwa nguvu sekunde chache, ikatoa mlio wa "tak" na kunyamaza, usikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi iliyochoka ni rilei ya kuwashia, yaani swichi ndogo inayoisaidia kompresa kuanza, au umeme unaofika hapo ni dhaifu kwa sababu muuzaji ametumia waya mwembamba wa kurefushia. Rilei mbadala inapatikana, lakini lazima ilingane na mkondo wa kuwashia wa kompresa hiyo, na zile zinazotegemea uzito wa kipande cha ndani kushuka zifungwe zikielekea upande uleule wa awali, la sivyo hazitafanya kazi. Baada ya muda usiozidi saa moja hivi, sanduku la kugandishia liwe limefunikwa na barafu nyembamba kila upande kwa usawa. Barafu ikishika kona moja tu, karibu na mahali gesi inapoingilia, huku sehemu nyingine ikiwa kavu, basi ama gesi imepungua ama mrija mwembamba umeziba nusu. Hapo agana na muuzaji kwa heshima.

Sasa nisisitize jambo ambalo hata mafundi wenzangu hulipuuza. Jokofu likigandisha vizuri, usiruhusu mtu yeyote kufunga geji za gesi "ili kuangalia tu". Mengi ya majokofu haya hayana valvu ya kuingilia, kwa hiyo fundi hutoboa bomba na kuliwekea valvu ya kubana, na valvu hiyo ndiyo huja kuvuja baadaye. Isitoshe, gesi iliyomo ni kidogo, kiasi kwamba ile inayojaa kwenye mipira ya geji inatosha kuharibu vipimo. Sheria nayo ni kali: tangu tarehe 1 Julai 1992 ni kosa nchini Marekani kuachia gesi hiyo hewani kwa makusudi, utengenezaji wa R-12 ulikoma mwishoni mwa mwaka 1995, na anayeinunua lazima awe na cheti. Kule nyumbani Tanzania mafundi wengi huingiza R-134a, gesi ya kisasa zaidi, moja kwa moja kwenye mfumo wa zamani. Inapoza kwa muda, lakini gesi hiyo haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyomo, hivyo mafuta hubaki mabombani na kompresa hukaukiwa.

Ukishajiridhisha kuwa linagandisha, ndipo kazi ya mikono inapoanza, na hiyo sina haja ya kuirefusha. Badilisha waya wa umeme na uweke wenye pini tatu, ule wa ethi ukifungwa imara kwenye chuma cha kabati. Vipande vya plastiki vinavyozunguka mdomo wa kabati la ndani huvunjika kama biskuti vikiwa baridi. Vipashe moto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuvibandua, kwa sababu vipya ni adimu. Nyuma yake utakuta sufi ya kioo au ya mawe. Ikiwa na unyevu, iache ikauke kabisa, maana sufi iliyolowa haizuii joto. Rangi ya nje usiipige msasa mkavu kabla ya kuipima kama ina madini ya risasi, hasa kama kuna watoto nyumbani. Ndani ni enameli iliyochomwa juu ya chuma, nayo hutakata kwa maji ya uvuguvugu na magadi. Sabuni za kukwangua huua mng'ao wake.

Mlango unastahili maneno zaidi. Mpira wa wakati ule hauna sumaku. Huziba kwa kubanwa na komeo. Kata ukanda wa karatasi, ufungie mlango juu yake, kisha uvute: ukitoka bila ukinzani wowote, rekebisha bawaba na kipokeo cha komeo kwanza, kabla ya kununua mpira mpya. Komeo hilohilo ndilo lililofungia watoto waliojificha ndani wakicheza, wakakosa hewa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1956, na majokofu yaliyotengenezwa baada ya tarehe 30 Oktoba 1958 yakatakiwa kufunguka kwa kusukumwa kutoka ndani. Lako huenda ni la kabla ya hapo. Wakati wote linapokuwa stoo au karakana, ng'oa komeo au mlango wenyewe. Nasema hivi nikijua kwamba kwetu jokofu bovu halitupwi. Hugeuzwa kabati la unga na mchele, na watoto hulizoea.

Wengine watakuambia majokofu haya hula umeme kupita kiasi. Si lazima iwe hivyo. Haya ya mlango mmoja hayana feni wala hita ya kuyeyusha barafu. Walaji wakubwa walikuwa yale ya miaka ya 1970 yanayojiyeyusha yenyewe. Yeyusha barafu kwa mkono kabla haijazidi unene wa milimita 6 hivi, na usiichokonoe kwa kisu.

Kuhusu Dar es Salaam, transfoma ya kawaida haitoshi. Jokofu lako ni la volti 115 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), na umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Transfoma hupunguza volti lakini haigusi hezi, na mota ya hezi 60 ikipewa hezi 50 kwa volti zilezile 115 huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto, huku kasi yake ikishuka kwa moja ya sita. Njia nafuu ni transfoma inayotoa takriban volti 96, yaani 115 mara 50 gawanya kwa 60, na iwe na uwezo wa kuhimili mkondo wa kuwashia, ambao ni mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kwa joto la Dar kompresa itafanya kazi karibu muda wote, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha nyuma yake hewa ipite. Ndani ya kontena lisafiri wima, mlango ukiwa umeng'olewa na kufungwa pembeni.