Wadogo zangu, mgonjwa wa ataksia mpime presha akiwa amesimama

Wiki hii nimefungua mafaili matatu ya wagonjwa wa ataksia, yaani wanaoyumba maana ubongo hauratibu mwendo vizuri, yote presha imepimwa mara moja, mgonjwa kakaa kwenye benchi. Nawapenda sana ila hapana.

1. Mlaze dakika tano, pima, asimame, pima dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka 20 ya juu au 10 ya chini, andika. Na mapigo pia, maana presha ikianguka mapigo yakabaki palepale, hapo shida ni neva za otonomia, zile zinazoendesha presha, mapigo na mkojo bila sisi kufikiri, sio kupungukiwa maji tu.

2. Acheni kusema "kanywa kwete", ile pombe ya mahindi. Huku West Nile, Uganda, mtu akiyumba na ulimi mzito tunamhukumu haraka, kumbe serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, ndo inaisha. Muulize mkojo, muulize nguvu za kiume bila aibu, kwenye MSA, ugonjwa unaoharibu serebelamu na neva za otonomia, hivyo vinaweza kutangulia hata kuyumba. Mkewe muulize kama usiku anapumua kwa mlio.

3. Hii bado inaniuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee fundi baiskeli aliletwa na bintiye, nikampima kalala, 178 kwa 100, nikafurahi kabisa kwamba angalau kuna kitu naweza kutibu, nikaandika amlodipini na dawa ya kukojosha. Binti akasema, "Daktari, baba akisimama macho yanaingia giza, na shingo inamuuma mpaka mabegani." Nikamjibu ni hiyo hiyo presha, dawa itamaliza. Jamani alikuwa ananipa dayagnosisi mkononi! Siku ya nne alfajiri mzee akaamka kwenda chooni, akaanguka mlangoni, paji limepasuka, mkono umevunjika. Ndo nikampima amesimama, tumemshika wawili: 82, mapigo hayajapanda hata kumi. Binti alikuwa kashika ndala za babake, hakunilaumu, aliniangalia tu. Niliwaomba msamaha wote wawili nikakata zile dawa. Presha kupanda akilala na kushuka akisimama ni ugonjwa mmoja, sio miwili.

4. Presha ikishuka akisimama, mpe glasi mbili za maji kabla ya kuinuka, kichwa cha kitanda juu ya matofali, ugali wa muhogo kidogo kidogo maana shibe inashusha presha. Midodrini, dawa ya kupandisha presha, asinywe karibu na kulala.

Kesho raundi naanzia kitanda cha saba. Nikute ameshalala dakika zake tano.