Kazi ya kuanzia katika uhasibu bila shahada

Ndugu uliyeuliza kama kazi ya hesabu hupatikana bila shahada, inapatikana, ila usiitafute kwa jina la mhasibu, ambalo waajiri wengi huliambatanisha na shahada. Tafuta nafasi za karani wa hesabu, karani wa mishahara au msaidizi wa mtunza fedha. Huko hupimwa zaidi uwezo wa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Tuseme daftari linaonyesha salio la 5,400 na benki 5,350: anayeijua kazi habadilishi tarakimu ili zioane, bali hupekua mstari kwa mstari hadi aone makato ya 50 ambayo benki imeyatoa na daftari halijayaandika, kisha huyaingiza. Jifunze hilo kwanza, pamoja na Excel. Cheti kinasaidia pia, na mitihani ya ngazi ya awali ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, haidai shahada. Lakini kwa maoni yangu, kinachomshawishi mwajiri zaidi ni kazi anayoiona: omba kutunza hesabu za kikundi au biashara ndogo kwa miezi mitatu, na kwa idhini ya wenyewe uende na leja, yaani daftari la hesabu hizo, kwenye usaili.