Pizza ya nanasi ilianzishwa na Mgiriki, tena sio Hawaii

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama lishe hapa Soweto Moshi, nafanya kazi na mume wangu na shemeji, asubuhi tunauza mtori na chapati, mchana wali na machalari. Sasa nimepata jiko lenye oveni nataka jioni niwe natoa pizza, hata ile ya nanasi wanayoita ya Hawaii, shemeji kagoma kabisa. Anasema mgahawa unaouza kila kitu haujulikani unauza nini, na nanasi kwenye pizza ni kuharibu chakula. Nikamwambia nimesikia hiyo pizza aliianzisha Mgiriki aliyekuwa na mgahawa wa familia kama sisi, akacheka, mume wangu naye akadakia eti Wagiriki wa huku kwetu walikuwa watu wa mashamba, upishi wameuanza lini? Tusaidie maana hapa hatuelewani.
Mama lishe, Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulichosikia ni kweli kabisa na huyo mzee nampenda sana, ngoja nikueleze.

Anaitwa Sam Panopoulos, kazaliwa 1934 kijiji cha Vourvoura, Ugiriki. Mwaka 1954 akiwa na miaka 20 akapanda meli kwenda Kanada, njiani meli ikatia nanga Naples kule Italia na ndo hapo akakutana na pizza kwa mara ya kwanza. Kufika Kanada hakukimbilia jikoni, alipiga kazi migodini Elliot Lake, alafu yeye na ndugu zake wawili wakaendesha migahawa mji wa Chatham jimbo la Ontario, unaojulikana zaidi ni ule ulioitwa Satellite.

Na hapa shemeji asikilize vizuri. Satellite ilikuwa inauza kila kitu! Asubuhi chapati za maji, mchana baga na chipsi, jioni maini na vitunguu, baadae wakaongeza na chakula cha Kichina, kile chenye mchuzi wa utamu na uchachu pamoja, wateja wakakizoea. Pizza nayo ikaingia humohumo, wakati huo Kanada watu wengi hawaijui, juu yake unawekewa uyoga au bekoni au pepperoni (soseji kavu yenye viungo) basi. Mwaka 1962 Sam akafungua kopo la nanasi akalimwaga juu ya pizza, kujaribu tu aone itakuwaje, na kwa vile wateja wake walishazoea utamu kuchanganyika na chumvi wakaipenda, ikabaki kwenye menyu. Hilo jina la Hawaii lilikuwa limeandikwa kwenye kopo la nanasi, sio kwamba chakula kimetoka huko.

Hakuandikisha haki yoyote, kwahiyo dunia nzima inauza pizza yake na ye hakulipwa chochote kwa hilo. Mgahawa waliuuza 1980. Mwaka 2017 Rais wa Iceland akawaambia wanafunzi kwamba angeweza angepiga marufuku nanasi kwenye pizza, mjadala ukawa mkubwa mpaka waziri mkuu wa Kanada akaitetea, waandishi wakamtafuta mzee Sam na angalau akasikika akiwa hai, maana Juni mwaka huohuo akafariki akiwa na miaka 82. Mimi hilo linanigusa sana jamani. Chipsi mayai tunakula kila siku, aliyeianza hatumjui hata jina.

Mumeo naye hajakosea. Wagiriki wa huku wengi waliingia enzi za Mjerumani na kazi za reli, ile ya kutoka Tanga iliyofika Moshi 1911 na baadae Arusha 1929, alafu wakashika mashamba ya mkonge na kahawa, hata ile shule ya St Constantine's pale Arusha ilianzishwa na jumuiya yao. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na mali kutaifishwa wengi wakaondoka. Waliokwenda Marekani na Kanada hali ilikuwa nyingine, wengi hawana mtaji wala lugha, na mgahawa unaweza kuanza kwa kuosha vyombo kwa mjomba wako ukapanda pole pole, mkifanya ndugu tupu hamna mshahara mkubwa wa kulipa nje. Ndo kama nyie tu mlivyo watatu hapo.

Kwahiyo anza, ila usiache mtori hata siku moja, huo ndo unalipa kodi ya fremu. Pizza toa Ijumaa na Jumamosi jioni kwanza, tena muuzie mteja kipande kipande asiogope bei. Nanasi letu ni bichi sio la kopo, lina maji mengi, kwahiyo likate dogo dogo ulichuje vizuri kwenye chujio au ulipitishe kwenye kikaango kikavu kabla ya kuliweka, ukiacha hivyohivyo unga utalowa katikati na hapo shemeji atapata la kusema.